Panya Waliobembelezwa

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alipitia maabara anakofanya kazi shangazi yake. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alivaa koti jeupe lililomfika visigino, kisha akabadilisha maranda ya kulalia kwenye vizimba vya panya huku akiwasimulia mambo ya darasani.

Shangazi alikuwa akichunguza kama maji ya jani fulani yanaweza kutuliza wanyama. Panya wa vizimba vya kijani walinyweshwa maji ya jani, na wa vizimba vyeupe maji matupu. Baadaye kila panya angewekwa ndani ya sanduku pana. Mwenye hofu hujibanza pembeni, aliyetulia hutembea hadi katikati.

Nyumbani, bibi hakuwa akipata usingizi tangu babu afariki. Alishinda kwenye kiti cha marehemu, macho mekundu, mikono ikimtetemeka.

"Mwanangu," alimwambia shangazi, "hayo majani yako yakikubali, usinisahau mimi mama yako."

Sasa, maji yale yalikuwa machungu kama shubiri, na Chiriku aliwaonea huruma waliokuwa wakiyanywa. Kila shangazi alipotoka kwenda kuosha vyombo, Chiriku aliwapakata panya wa kijani mmoja mmoja, akawapapasa migongo. "Poleni jamani," aliwanong'oneza. Wa vizimba vyeupe hakuwagusa. Wao walikuwa wamekunywa nini hata wapewe pole?

Siku ya kipimo, panya wa kijani walitembea katikati ya sanduku kana kwamba wako kwao. Wale wengine walijikunyata kwenye pembe. Shangazi alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Chiriku, kuna mtu aliyewashikashika hawa?" aliuliza, kama ilivyo desturi ya kazi yake.

"Hapana, shangazi." Hakutaka kumharibia furaha.

Jioni bibi alipopewa habari hizo, alishusha pumzi ndefu. "Basi kuna siku nami nitalala," alisema.

Chakula kilimshinda Chiriku. Alikaa kimya, na kimya chake kilikuwa kitu kigeni katika nyumba ile.

"Leo mdomo umeenda likizo?" bibi alimtania.

Hapo akaangua kilio. "Nimesema uongo, shangazi. Niliwapakata wa kijani peke yao. Labda wamezoea mikono yangu tu, si dawa."

Shangazi hakumgombeza. Alirudia kazi yote kwa panya wapya, na mara hii hakuna aliyewapakata. Wa vizimba vya kijani na wa vyeupe, wote walijibanza pembeni. Jani halikuwa na lolote.

Bibi alipoambiwa, alilia bila sauti. Inauma, na sitawaficha. Chiriku alipiga magoti kando ya kiti.

"Nisamehe, bibi."

Akaushika ule mkono unaotetemeka, akaupapasa taratibu kama alivyozoea kule maabara. Kidogo kidogo mkono ukatulia. Kichwa cha bibi kikaegemea kiti, akasinzia.

Shangazi alisogea karibu. "Ungenyamaza, tungesubiri miaka na miaka dawa ambayo haipo, na mama angesubiri pamoja nasi," alisema kwa sauti ya chini. "Ukweli useme mapema, hata kama utamliza unayempenda. Na ukishausema, usimwache alie peke yake. Sasa usiuondoe huo mkono."