Zamu Isiyopokewa

Ocen alikuta moto umekwisha washwa, na jambo hilo halikumpendeza hata kidogo, maana ufunguo wa chumba cha boila alikuwa nao yeye mfukoni.

"Mama, nani aliwasha moto?"

"Si weye, Papa Ocen?" Emérence alicheka. "Niliwaza umekuya mapema."

Mama huyu Mkongomani alipika sabuni hapo Nsambya, kwa boila kuukuu aliyouziwa na watu wa vyuma chakavu. Walimwambia ilitoka kwenye manowari ya mvuke ya enzi za babu wa babu zao. Ocen, polisi mstaafu, ndiye aliyeilisha kuni. Siku hiyo roho yake yote ilikuwa hospitalini, kwa bintiye Babra aliyeshikwa na uchungu. Mimba iliyotangulia iliharibika, na safari hii baba alikuwa ameapa kuwa karibu naye adhuhuri ikifika.

Alipokuwa akinawa mikono ili aondoke, alisikia koleo likikwangua makaa ya mawe. Makaa gani, na wao walitumia kuni? Kisha ikaja harufu ya chumvi na jasho la watu wengi waliolala pamoja. Nyuma ya boila alisimama mtu kifua wazi, masizi mwili mzima.

"Wewe nani?" Ocen alinong'ona. "Hapa watu hapana ingia."

"Mchochea moto. Niliandikwa kazi Unguja. Wenzetu juu husugua sitaha, hupigiwa kengele, hugawiwa biskuti ngumu, wakalala kwenye machela yao. Sisi huku chini hatujui jua limechomoza au limekuchwa. Na haondoki mtu mpaka wa zamu nyingine apokee. Wangu hakuja." Akanyoosha koleo. "Zamu yako. Pokea."

Masikini Ocen! Polisi akiambiwa hivyo lindoni hafikiri. Mkono hutangulia, akili hufuata.

"Nimepokea," alijibu, koleo mkononi.

Yule mtu akashusha pumzi, akatoweka. Ocen akaukimbilia mlango, lakini sakafu ikayumba na mlango ukazidi kwenda mbali, vidole vikagoma kuliachia koleo, na mikono yake mwenyewe ikamrudisha motoni, ikachota na kutupa, ikachota na kutupa, huku simu ikilia mfukoni, ikanyamaza, ikalia tena, naye akilia pamoja nayo kwa woga.

Jioni mkewe, Aol, aliusukuma mlango, ukafunguka bila taabu.

"Baba Babra, kwa nini hushiki simu? Amezaa mvulana, mzima kabisa! Anauliza baba iko wapi."

"Aol, mimi hapana weza toka."

"Kazi gani hii haiishi? Leta mimi nashika hiyo koleo. Wewe kwenda ona mtoto."

Vidole vya Ocen vikalegea. Koleo likawa jepesi, na maneno yale ya kukabidhi zamu yakamjia mdomoni yenyewe. Mlango ulikuwa wazi. Aol alikuwa amenyoosha mkono, akitabasamu kwa furaha ya mjukuu.

Ocen akauma ulimi mpaka akaonja damu, akalikumbatia koleo kifuani.

"Salimia mtoto," alisema. "Ambia yeye babu iko kazini."

Akampa mkewe mgongo, akachota makaa.