Usikitikise Kikombe

Siku mbili kabla ya Idi, duka kubwa la Madinat Sultan Qaboos halikuwa na pa kuweka mguu. Mwanamke mrefu, suti ya kitani rangi ya zafarani, alilifikia kopo la mwisho la tui. Mkono wa Jaifar, Mwomani wa asili ya Unguja, ukafika pamoja na wake.

"Chukua wewe, kaka. Mie nnakula peke yangu."

"Khe! Mzungu, na Kiswahili cha Unguja!"

"Baba Mfaransa, mama wa Malindi ya Unguja. Na mie si mzungu wako."

Jaifar akacheka. Tangu afiwe na mkewe, hakuwa amecheka mbele za watu. "Basi sote tunakula peke yetu. Tunagombea nini?"

Alikuwa Reem Vasseur, mwigizaji kutoka Paris, kaja Maskati na mchezo wa wiki tatu. Alipanda jukwaani bado kigori, akaingia kwenye filamu, na kilichompa jina ni kulia. Akilia yeye, ukumbi mzima unatoa leso. Akirudi hotelini, hana wa kumwambia pole.

Wakapeana namba, simu zikaanza.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula mkate na upweke."

"Upweke hauliwi mkavu, habibti. Nakuletea mchuzi."

Jaifar akampeleka kwa dada yake Bakhita, Al Hail, akamfundisha kunywa kahawa ya Kiomani. "Ukitosheka, kitikise kikombe. Usipokitikisa, utamiminiwa tu."

Onyesho la mwisho, Jaifar alimwona Reem akilia jukwaani, mkono kifuani. Kesho yake, mbele ya hoteli, Reem akalia vile vile.

"Jaifar, niambie nibaki."

Na mwanamme yule akapiga makofi! "Mashallah! Kama jana!"

Wallahi, ningekuwa karibu ningemzaba kibao. Reem alifuta uso, akaingia ndani, akazima simu. Jaifar akarudi Al Amerat, kwenye nyumba mpya ya vyumba sita anayolala peke yake.

Asubuhi Bakhita akapiga simu. "Mgeni wako kaja kuniaga, masanduku yake yapo mlangoni. Njoo, baradhuli wee!"

Akavuka mlima na gari mbio. Reem alikuwa amekaa, macho makavu. Jaifar akashika dele la kahawa, akamimina. Reem akanywa, akanyoosha kikombe. Akamimina tena. Akanyoosha tena, kikombe kimetulia mkononi, hakitikisi.

"Leo hulali wewe," Jaifar akatania.

Reem akanyoosha tena. Kahawa chungu, haipendi hata kidogo, na dele sasa linatoa machicha. Hapo ndipo akili ilipomrudia Jaifar. Kulia ni kazi yake Reem. Hili la kikombe hakulisomea popote.

Bakhita akachungulia. "Teksi imefika. Nimwambieje?"

"Mwambie arudi. Na teleka kahawa nyingine, dada." Akamgeukia Reem. "Baki. Nioe nikuoe, vyovyote. Nyumba ile inanitisha."

Reem akalia. Safari hii Jaifar hakupiga makofi.