Kitone Chekundu cha Mashine ya Nane

SAA TATU ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha mgahawa kilinuka mafuta ya kondoo. Mgahawa wenyewe ulikuwa umefungwa. Ilikuwa siku ya kwanza ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wa Wamongolia, na Ulaanbaatar nzima ilikuwa imekwenda kuwaamkia wazee wake, imevaa hariri, inakula buuz, maandazi ya nyama ya mvuke, mpaka mikanda inagoma kufunga.

Sukhee alichovya kidole kwenye chai, akachora ramani juu ya meza ya plastiki.

"Mlango wa mbele wa klabu ni wangu. Naingia na buuz na chupa, namwamkia mlinzi, Mzee Luvsan, namkalisha mbele ya mieleka ya runinga. Nyie mlango wa nyuma. Ufunguo huu hapa, niliuchonga kabla hawajanifukuza. Ghorofa ya pili, mashine ya saba. Chomoa diski, shuka. Hamwashi kitu. Umenisikia, Temka?"

"Nimesikia, kaka."

"Rudia."

"Hatuwashi kitu."

Temuulen alirudia kwa meno yaliyobanana. Alikuwa na miaka ishirini na hakuwa na jina tena. Miezi mitatu nyuma alikuwa nalo. Fainali ya ligi ya michezo ya kompyuta, kabaki peke yake, maadui watatu mbele yake, akawaangusha wote. Klabu ikabeba kombe. Kesho kutwa yake ligi ikatoa rekodi: skrini ya Temuulen, maadui wanaonekana nyuma ya kuta kama wamechorwa kwa chaki. Kombe likanyang'anywa, wakapewa wapinzani. Yeye akafungiwa kucheza maisha. Asubuhi hii babu yake alikuwa ameketi kule mtaa wa Yarmag akingoja wajukuu, na Temuulen hakuthubutu kwenda. Binamu zake wangemuuliza kama anaona chupi zao kupitia ukuta.

Rekodi ile haikuwa yake. Alilisema hilo mpaka koo likakauka, na hakuna aliyemsikiliza ila watu wawili waliokuwa mezani.

Mmoja alikuwa Sukhee, kocha wake wa zamani. Wa pili alikuwa Khaliun, dada wa mitambo, aliyefukuzwa klabuni baada ya ile aibu. Yeye ndiye aliyegundua. Ligi iliwalazimisha wachezaji wote kutumia Jicho, programu ya kunasa mchezo iliyotengenezwa na watu wa pembeni, si wenye mchezo. Ukiwasha mashine, Jicho linajiwasha lenyewe. Linanasa skrini, linanasa sauti, linanasa uso wako. Kulizima ni mpaka ubonyeze mwenyewe, na ukibonyeza tu, rekodi inakwenda ligi. Siku ya fainali, mechi ilipokwisha, mtandao wa jengo ulikatika, ndipo Sukhee akamletea Khaliun rekodi zote mkononi ili azitume baadaye. Akazituma. Juma lililopita ndipo alipojua kwamba Jicho huficha nakala ndani ya diski ya mashine, hata ukifuta ile unayoiona.

"Bosi wa klabu anauza mashine zote baada ya sikukuu," Khaliun alisema. "Diski ikifutwa, ndiyo basi."

"Kwa nini tusimwombe tu?" Temuulen aliuliza.

Sukhee alicheka. "Umwombe nani? Yule aliyetutupa nje kama maji machafu? Kunywa chai yako, mdogo wangu. Leo tunachukua kilicho chako."

SAA NNE NA ROBO

Gari waliliacha linanguruma uani. Kwa baridi ile, ukilizima haliwaki tena siku hiyo.

Mlango wa nyuma ulifunguka bila kelele. Kutoka upande wa mbele walisikia Sukhee akimsalimia mlinzi kwa adabu zote za sikukuu, akiulizia afya, mifugo, na majira ya baridi yamekwendaje. Mzee Luvsan hakuwa na mfugo hata mmoja, lakini alijibu kwamba wote wamenona. Runinga ilipiga kelele, mwanamieleka kaanguka.

Juu, mashine zilikuwa zimejipanga gizani. Kwenye kiti cha mashine ya saba, jina la Temuulen lilikuwa limebanduliwa. Gundi tu ndiyo iliyobaki. Alitaka kukipiga kile kiti teke kipasue dirisha.

Khaliun alifungua mashine kwa bisibisi, akachomoa diski.

"Twende," Temuulen alinong'ona.

"Ngoja. Sibebi diski bila kujua ina nini."

"Kaka kasema hatuwashi."

"Kaka Sukhee hakuutuma ule uongo kwa mkono wake. Mimi niliutuma. Kwa mkono huu." Akavuta waya, akaiunga diski na mashine ya nane, akaiwasha.

Skrini ikaangaza. Juu kwenye pembe, kitone chekundu kikawaka. Hakuna aliyekiona. Mchezaji hushinda na kitone kile mbele ya macho kutwa nzima. Mwisho hukiona kama anavyoiona pua yake.

Khaliun alilipata faili lililofichwa. Akakunja uso. "Fainali ilichukua saa moja. Hii rekodi ina urefu wa saa tatu."

"Nilisahau kuzima."

"Kama kawaida yako."

Kila mara alisahau. Sukhee alikuwa akimvuta sikio kwa ajili hiyo.

Walitazama. Zilikuwa kuta tupu. Hakukuwa na chaki wala vivuli. Palikuwa na Temuulen tu, akisikiliza nyayo, akikisia, akikosa, akikisia tena, akipiga. Machozi yalimtoka na hakujisumbua kuyafuta. Miezi mitatu ya kutemewa mate! Na ukweli ulikuwa umekaa hapa wakati wote, kwenye boksi la bati.

Khaliun alisogeza mbele. Kiti kitupu, kitupu, kitupu. Kisha mtu akaketi.

Alikuwa Sukhee. Aliangalia mlango, akaufungua mchezo upya kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine, akauchezesha kupitia macho ya Temuulen. Halafu akawasha miwani ya watangazaji, ile inayoonyesha maadui nyuma ya kuta. Akaanza kurekodi upya, Jicho la kwanza likiwa bado linaendelea. Alikuwa akiimba kwa pua. Simu ililia.

"Tulia," Sukhee wa kwenye skrini alisema. "Wataupoteza ushindi kesho kutwa. Dau langu liko palepale. Kijana? Kijana atalia, atanyamaza."

"Nilisema hamwashi kitu."

Sauti hii haikutoka kwenye skrini. Sukhee alikuwa amesimama mlangoni, spana ya tairi mkononi.

SAA NNE NA NUSU

"Ulitakiwa ubaki chini," Khaliun alisema.

"Mlichelewa. Nikajua mnachungulia." Alikuja taratibu kati ya viti. "Lete diski, dada."

"Ulicheza kamari dhidi yetu," Temuulen alisema. "Dhidi yangu."

"Niliwaambia mcheze taratibu. Niliwaambia mjilinde. Wote walielewa, wakapigwa. Wewe ukajifanya shujaa! Watatu, peke yako! Unajua niliweka nini kwenye mechi ile? Nyumba, Temka. Nyumba ya mke wangu."

"Nilikuita kaka."

"Na mimi nilikulisha. Tumelipana."

"Sasa kwa nini ulituleta?"

"Yeye alikuwa ameshagundua nakala, angekuja hata bila mimi. Na wewe..." Sukhee aliinua mabega. "Mambo yakiharibika, polisi wanamkuta nani? Mdanganyifu aliyefungiwa. Nani angeuliza zaidi?"

Temuulen alimrukia. Hakuwa mpiganaji, kwenye skrini alikuwa ameua maelfu, lakini hapa hata kukunja ngumi hakujua vizuri. Sukhee alimsukuma juu ya meza na kushusha spana. Ilitua kwenye mkono wa kulia. Kitu kikavunjika kama ukuni mkavu, na damu ikaruka juu ya vitufe.

Temuulen alipiga yowe. Sukhee aling'oa diski kutoka kwenye waya, akaitupa sakafuni, akaiponda mara tatu. Vipande akavitia mfukoni. Alihema, na kwa muda mfupi alionekana kama anataka kuomba radhi.

"Nendeni nyumbani," alisema. "Hamkuwa hapa."

Akashuka mbio. Uani gari likanguruma, likaondoka. Lilikuwa gari lao pekee.

SAA TANO KASORO DAKIKA KUMI

Khaliun alikuwa akimfunga mkono kwa shali yake pale alipoinua macho kwenye skrini. Akaganda.

"Temka. Pale juu kwenye pembe."

Kitone chekundu. Jicho lilikuwa limejiwasha pamoja na mashine. Lilikuwa limenasa skrini, Sukhee wa zamani akiimba kwa pua. Lilikuwa limemnasa Sukhee wa leo, sauti na spana. Kocha mzima, na yeye hakukiona.

Lilikuwa limewanasa na wao pia, na bisibisi yao.

"Nikichomoa waya wa umeme, inakufa," Khaliun alisema pole pole. "Tunatoka nyuma. Mzee hajatuona."

"Na mimi naendelea kuwa mdanganyifu."

Khaliun alikaza fundo la shali.

"Na ikienda ligi?"

"Ligi wanaita polisi. Wizi wa kuvunja. Nimo na mimi, najua. Usinihesabu mimi. Amua."

Temuulen aliangalia vidole vyake vya kulia, vilivyoelekea kila upande. Mkono ule ndio uliokuwa jina lake. Hata ligi ikimsafisha, pengine asingecheza tena. Hasira ilimjaa kifuani, na sasa ilijua pa kwenda.

"Sogea, dada."

Aliketi kwenye kiti, akaitazama kamera.

"Naitwa Temuulen, wa mashine ya saba. Leo nimevunja jengo la watu. Hilo ni kosa langu, nitafungwa kwa ajili yake. Lakini nyuma ya kuta sikuwahi kuona kitu. Hata siku moja!"

Safari hii hakusahau. Alibonyeza kwa mkono wa kushoto. Kitone kikazimika. Mstari wa kutuma ulijaa, ukafika mwisho.

Mzee Luvsan alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya sikukuu kichwani, anahema kwa ngazi. Aliiona damu. Aliiona mashine iliyofunguliwa.

"Nimeshawaita polisi, mwanangu."

"Umefanya vizuri, mzee."

Temuulen aliinuka. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa siku ya kwanza ya mwaka. Ule wa kulia ulikuwa unadondosha damu kupitia shali.

"Umeingia mwaka salama, mzee?"

Mzee alisita. Kisha akaiweka mikono yake juu ya ile ya kijana, taratibu sana, uzito wote akiuegemeza upande wa kushoto.