Boksi Ambalo Mjomba Hakulibeba

Mjukuu wangu wa kike ni fundi simu. Mtaani wanamwita Fundi tu, na hata mimi bibi yake nimezoea. Kutwa yuko kibandani na bisibisi zake nyembamba kama sindano, anafufua simu ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa. Mjomba wake, yaani mwanangu, anasambaza vifurushi kwa pikipiki. Tunaishi sisi watatu, na jioni zetu ni utani mtupu.

Jioni moja Fundi aliingia. Hakuvua viatu. Alikaa sakafuni karibu na miguu yangu, akaniambia amebakwa. Akamtaja na mtu mwenyewe: mwenye ghala lililo jirani na kibanda chake.

Niliinuka nimchemshie maji ya kuoga.

"Hapana, Bibi," alisema. "Nikioga, ushahidi unaondoka. Twende hospitali kwanza."

Mimi hilo sikulijua. Nikamfunika shuka, tukaenda na nguo zile zile.

Tulipokewa na muuguzi mmoja, mpole wa sauti, mgumu wa msimamo. Alimpa Fundi dawa za kuzuia ukimwi na mimba.

"Mmefanya vizuri kuwahi," alisema. "Dawa hizi hazingoji zaidi ya siku tatu."

Kila alipotaka kumgusa, aliomba ruhusa kwanza. Alichukua vipimo kwa vijiti vya pamba. Nguo akazitia kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye plastiki zingevunda. Vyote vikaingia kwenye boksi. Akalifunga kwa utepe, akaweka sahihi juu ya utepe. Tulipotoka pale, Fundi alipita polisi akaripoti.

Wiki iliyofuata tulirudi ili aangaliwe afya. Mwanangu alitusindikiza.

"Sista, lile boksi limefika maabara?" aliuliza.

"Bado. Nimelifungia kwenye kabati langu. Polisi nimewapigia, hawajaja kulichukua."

Mwanangu akasimama, funguo za pikipiki mkononi. "Basi nipe mimi. Maabara napita kila leo. Sijawahi kupoteza mzigo wa mtu."

"Nakuamini, kaka. Ila sikupi."

"Mimi mjomba wake."

"Ndiyo maana sikupi. Mahakamani wakili wa yule bwana atauliza boksi lilipita kwa nani. Akisikia kwa mjomba, atasema mlilifungua mkatia mnachotaka. Kesi imekwisha hapo. Anayelishika lazima awe anaruhusiwa na sheria, na aweke sahihi."

Mwanangu akakaa. "Kumbe kazi yangu hapa ni kukaa."

"Na kunyamaza kidogo, Mjomba," Fundi akasema.

Tangu siku ile alikuwa hajatania. Nilishukuru kimoyomoyo.

Muuguzi akapiga simu kituoni tukiwa pale pale. Safari hii alimtaka mkuu wa kituo. Baadaye akaja afande mpelelezi.

"Sista, huyu mtuhumiwa tunamjua," alisema. "Mwenyewe anakubali walikutana, ila anasema walielewana. Sasa maabara wapime nini?"

"Hilo si lako kuamua, afande. Sheria yetu iko wazi. Mtu akisharipoti, na akakubali boksi lipimwe, polisi mnalichukua na kulifikisha maabara ndani ya muda uliowekwa. Mtuhumiwa ajulikane, asijulikane."

Muda wenyewe hutofautiana mahali na mahali. Ulizia kwenu, usione haya.

"Pengine familia wanataka yaishe nyumbani," afande akasema, akimtazama mwanangu.

Mwanangu akafungua mdomo. Muuguzi akamzuia kwa kiganja, akamgeukia Fundi.

"Wewe ni mtu mzima. Wa kusema ni wewe. Unataka lipimwe?"

Fundi akamtazama afande usoni. "Nataka lipimwe. Na majibu yakija, niambiwe mimi."

"Ni haki yako," muuguzi akasema.

Umri wangu wote sijawahi kumjibu askari namna ile. Nilimtazama mjukuu wangu kama ninayemwona upya.

Afande akavua kofia. "Nisamehe, dada. Nalipeleka leo." Akaukagua utepe, akasaini. Muuguzi naye akasaini.

Majibu yalipotoka, afande alimpigia Fundi mwenyewe. Maabara walipima vinasaba, yaani alama za mwili ambazo kila mtu ana zake. Zilikuwa za mwenye ghala, ambaye polisi walimchukua sampuli. Tena zililingana na za kwenye boksi jingine, la muuza mboga mmoja aliyebakwa kabla ya Fundi, na mtu ambaye hakumwona uso. Kumbe kama boksi la Fundi lingebaki kabatini kwa sababu mtu "anajulikana", yule mama asingejua kamwe ni nani aliyemtenda.

Siku hizi afande hangoji kupigiwa simu. Anapita hospitali mwenyewe kuuliza kama kuna boksi.

Hakimu alilikataa lile dai la kuelewana, akamtia hatiani mwenye ghala kwa makosa yote mawili. Tulipotoka, muuza mboga alitufuata kwenye ukumbi. Alimshika Fundi mikono yote miwili.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nilidhani langu walishalitupa."

"Halikutupwa, dada," Fundi akamjibu. "Lilikuwa linangoja mwenzake."