Uvamizi wa Punje Mbili

Kila siku baada ya masomo, Adela wa darasa la sita alipita mtaa wa Chanji akielekea mtaa wa Izia kwa binamu yake Justa. Justa alikuwa amevunjika mguu na kufungwa plasta. Wiki ya tano sasa, alikuwa kitandani.

Mchezo wao ulikuwa vita vya majini katika Bahari ya Pasifiki. Ramani ya visiwa waliichora kwenye boksi la friji lililotandazwa sakafuni. Punje za mahindi zilikuwa meli, na punje za ulezi mafuta. Kila hatua ya meli moja ilikula punje moja ya ulezi, iliyotiwa koponi. Aliyeteka kisiwa alipewa punje tatu, lakini alisimama zamu moja. Justa hakuweza kuinama, hivyo alitoa amri, naye Adela akasogeza meli za pande zote mbili.

Jumanne hiyo Adela alipanga kuviruka visiwa vyote vidogo na kuvamia bandari kuu ya Justa moja kwa moja. Meli tatu, hatua nne kila moja: punje kumi na mbili. Alikuwa nazo kumi. Akaaga kwamba anakwenda kunywa maji. Uani, shangazi Edith, mama yake Justa, alikuwa ameanika ulezi. Adela akachukua punje mbili.

Bandari ikaanguka. Justa alicheka, akakiri kwamba safari hii amepigwa vibaya. Kisha akamimina kopo kiganjani ili agawe upya mafuta, na kicheko kikakatika. Punje mbili zilikuwa na vimizizi. Ulezi wa uani ulikuwa kimea cha togwa.

"Mimi huko chini sioni, Adela," alisema. "Ukiniambia meli imefika, kwangu imefika."

Adela alitazama ile plasta. "Haikufika. Nimeziiba uani."

Shangazi alipoingia, Adela alimwamkia, akamweleza yote mwenyewe. Shangazi alichuchumaa kwenye ramani, akahesabu kwa kidole.

"Ungeteka kwanza hiki kisiwa cha katikati. Ungechelewa zamu moja, ungefika na punje moja mkononi. Mpango wa kijasiri si mbaya, mwanangu, ila uende kwa mafuta uliyo nayo. Na anayeona kwa macho yako usimdanganye, hata kwa punje."

Adela akasema ataikata ramani iwe ndogo, ienee kitandani, Justa ajionee mwenyewe.

"Usiikate," alisema Justa, akimrudishia punje kumi. "Panga meli. Utasogeza wewe."