Stesheni ya Chiriku

Kila alasiri baba yake Chiriku aliegesha teksi mbele ya baraza la shangazi, akala, kisha akaingia ndani kunyoosha mgongo. Teksi yenyewe ilikuwa imemzidi Chiriku umri mara mbili. Baba aliiita Bi Mkubwa, na ole wake abiria aliyeubamiza mlango wake. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alishona nguo pale barazani, cherehani mbele, redio ndogo kando.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolinyamazia kwa siku sita, nalo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Redio ya Bi Mkubwa ilikuwa ya kaseti. Ili kupiga muziki wa simu, baba alitumia kaseti ya bandia yenye waya: kaseti unaisukuma redioni, waya unauchomeka kwenye simu. Jumamosi, Chiriku alichukua funguo bila ruhusa, akaisukuma kaseti kinyume. Ilipokwama, akavuta waya kwa nguvu. Ukakatika, ukabaki mkononi mwake kama mkia wa mjusi. Akautupa chini ya kiti na kufunga mlango polepole, kama mwizi mwenye adabu.

Jioni ile ile Povu, mwosha magari wa kituo cha teksi, aliifuta Bi Mkubwa ndani na nje kama kawaida. Asubuhi baba akauona waya.

"Povu! Mikono yako ni ya kufutia au ya kung'olea?" alifoka mbele ya madereva wote.

Povu alikana, lakini nani amsikilize? Tangu siku hiyo baba alimnyima gari, na madereva wengine nao wakaanza kusita. Kazi ya kufuta vumbi ikamwangukia Chiriku.

Ijumaa hiyo baba alikuja na kidude kidogo chenye taa ya buluu.

"Kinakaa kwenye tundu la kuwashia sigara," alieleza. "Kinachukua sauti kutoka simuni bila waya, kinairusha hewani kama stesheni ndogo, halafu redio ya Bi Mkubwa inaidaka. Wewe mtundu, nitafutie mahali penye mvumo mtupu. Ukisikia mtu anazungumza, hata kwa mbali, ondoka. Hapo pana wenyewe."

"Nimeelewa, baba."

Kuelewa alielewa. Subira ndiyo hakuwa nayo. Alizungusha redio kidogo tu, akasikia kwa mbali mtu akinong'ona habari za meno, akasema moyoni, "Panatosha." Akakiweka kidude hapo hapo na kukiunganisha na simu ya zamani aliyopewa na mama. Muziki ukalipuka, mabega yakaanza kazi. Hakumwona shangazi barazani akiipiga redio yake makofi.

Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa maandishi kutoka kwa rafiki yake wa dawati moja: "Umeshamwambia baba yako?"

Chiriku alizima muziki, akafunga vioo, akarekodi jibu kwa sauti ya chini: "Nimwambie nini? Waya nimeukata mimi, lakini yeye anaamini ni Povu. Nikinyamaza yatapita yenyewe."

Kabla ya kutuma alitaka kujisikiliza, maana aliipenda sana sauti yake. Akabonyeza. Sauti ikatoka kwenye spika za gari. Ikatoka na kule barazani, kubwa, safi, bila mkwaruzo.

Cherehani ikanyamaza.

Shangazi alikuja na futi yake ya kupimia shingoni, akagonga kioo.

"Nilikuwa namsikiliza daktari wa meno," alisema. "Anasema jino bovu likifichwa... Mara muziki. Mara daktari ana sauti ya mtoto wa mdogo wangu. Hebu nifafanulie."

"Shangazi, nakuomba, usimwambie baba!"

"Mimi? Kazi yangu kushona. Mtangazaji ni wewe." Kisha uso wake ukapoa. "Asubuhi nimempita Povu kituoni. Amegeuza ndoo kifudifudi, ameikalia. Alikuwa na magari matano, leo hana hata moja. Hilo ndilo unalosema litapita lenyewe?"

Chiriku alitazama taa ya buluu. Akaiweka simu kitini. Mwishowe akashuka, akaingia ndani, akamgusa baba bega.

"Baba, amka. Waya niliukata mimi, si Povu."

Baba aliketi kitandani, akajifuta uso. "Siku sita?"

"Siku sita, baba. Niliogopa."

Baba aliinuka, akachukua kofia yake. "Wewe ulinificha," alisema. "Na mimi nilimhukumu mtu kwa sababu tu alikuwa karibu. Vaa viatu. Nilimchafua mbele ya watu, nitamsafisha mbele ya watu."

Kituoni, madereva wakiwa wamewazunguka, Chiriku alisema yote. Baba naye akaomba radhi, kofia mkononi.

Povu aliwatazama kwa zamu. "Siku sita! Mikono imenikauka hadi inalia kama karatasi." Akainuka, akaigeuza ndoo mdomo juu. "Haya. Kufuta nitafuta mimi. Wiki nzima, ukitoka shule, maji utateka wewe. Na kwenye nyaya usisogee!"

Madereva wakacheka, na mmoja akamrushia Povu funguo za gari lake.

Jioni Chiriku alirudi barazani, viganja vimekuwa vyekundu kwa mpini wa ndoo.

"Shangazi, yule daktari alimaliziaje?"

Shangazi alikata uzi kwa meno yake mazima. "Alisema jino bovu likifichwa, huoza na la jirani. Umeona mwenyewe: wewe uliuficha ukweli, akaumia Povu. Kosa la waya ungelisema Jumamosi, lingekwisha Jumamosi. Sasa nenda ukaihamishe hiyo stesheni yenu, saa moja nina taarifa ya habari."