Bakuli Lililorudi na Hela

Jamani, sikilizeni yaliyompata Verna Haskett, dereva mstaafu wa basi la shule. Alipofiwa na mumewe kule Nebraska aliuza nyumba yao, akahamia kisiwa cha Kauai, mbali katikati ya bahari, mahali walipokuwa wamepanga kuzeekea wote wawili. Akapanga kijumba. Kwao hakuacha hata kibanda cha kurudia.

Asubuhi moja alikuwa barazani na kahawa yake. Kuku wa mtaani walikuwa wakiparura majani, na bahari ilionekana kwa mbali kati ya mapaa mawili ya nyumba. Akapiga picha, akamtumia bintiye Colleen: "Mama yako yuko peponi."

Mara akaingia jirani yake, Erlinda Agbayani, mzaliwa wa hapo mwenye asili ya Kifilipino, aliyestaafu kazi ya kufua mashuka hotelini. Alivua kandambili mlangoni, akamkabidhi bakuli la supu ya samaki na majani ya mlonge.

"Kula ingali moto, Anti Verna. Umekonda kama fimbo ya kuvulia."

"Kiasi gani?"

"Kiasi gani nini?"

"Mimi sipendi deni, Erlinda."

Erlinda akacheka, akaenda zake. Kesho yake Verna aliliosha lile bakuli, akatia hela ndani, akalirudisha, na akajiona mstaarabu kweli. Kumbe pale mtaani bakuli hurudi na chochote, hata ndimu mbili, ila si hela. Kumtilia mtu hela ni kumwambia: mimi na wewe tumemalizana.

Basi wakamalizana. Bakuli halikuja tena.

Ndugu msomaji, kwenye kisiwa kile karibu kila kitu huja kwa meli. Bei ya maziwa inakufanya uyarudishe rafuni, na umeme ndio usiseme. Pensheni iliyotosha Nebraska ilikatika kabla mwezi haujafika kati. Verna akazima kiyoyozi. Baadaye akazima na friji, akabaki na biskuti na nyama ya kopo. Jioni akisikia kicheko na sufuria kwa kina Agbayani, alifunga dirisha, joto lote lile.

"Mama, unakula?" Colleen alimuuliza kwenye simu.

"Nakula mpaka nguo zinanibana."

"Washa kamera basi nikuone."

"Kamera imeharibika, mwanangu."

Na uani kwake kulikuwa na mshelisheli uliozaa hadi matawi yakainama. Verna hakujua kwamba ni chakula. Mashelisheli yalipoanguka na kuoza, alimlipa mtu aje kuyazoa.

Mwenye nyumba alipopandisha kodi, Verna akashindwa. Siku ya kuondoka Erlinda alikuja kumvika shada la maua shingoni, kama ilivyo desturi yao.

"Mbona hukusema, Anti?"

"Mliacha kuja."

"Tulikuja ukatulipa kama wahudumu. Mzee wangu anayatazama mashelisheli yako yakioza, anameza mate. Nikamwambia nenda kaombe. Akasema, yule mama atatuandikia risiti."

Verna aliugeukia ule mti. "Kwani yanaliwa?"

"Ulidhani sisi tunaishi hapa kwa mshahara? Samaki anatoka kwa shemeji, mayai kwa jirani Nakamura, mimi natoa mlonge. Kisiwa hiki hakuna anayekiweza peke yake, hata sisi tuliozaliwa hapa."

Sasa Verna anaishi katika chumba cha chini nyumbani kwa Colleen, theluji imeziba dirisha. Chakula kipo. Wajukuu hushuka mara mojamoja kutafuta chaja, wakaipata, wakapanda.

FUNZO

Wewe unayetaka kuzeekea ugenini kwenye maisha ghali, chunguza bei za huko kabla hujauza kwako, na uulize wenyeji wanakula nini na wanakipataje. Halafu jifunze kupokea. Anayekataa kupewa amejinyima hata kuomba, na siku ya njaa mdomo wake hautajua pa kuanzia.